Msituambie "Tufomati Tu"

Nina ugomvi na maneno mawili: tufomati tu.

Peleka kompyuta kuukuu kwa fundi, iwe Luthuli Avenue ama kibanda chochote cha mtaani kwenu, umwambie Windows imekuwa nzito na unataka kujaribu Linux. Atachomeka flashi, atabofyabofya, na usakinishaji ukifika pale pa kugawanya diski, utakwama. Kisanduku kidogo kitatokea na maneno ya Kiingereza. Kabla hajamaliza kuyasoma, fundi atasema, "Tufomati tu." Atasema kwa upole, kama daktari wa meno anayekuambia tung'oe tu. Nawe, kwa kuwa diski huijui na unamwamini aliyeshika bisibisi, utaitikia sawa. Nusu saa baadaye mashine inawaka, safi kama sufuria iliyosuguliwa kwa jivu. Rekodi za chama za miaka sita hazipo. Picha za marehemu mama hazipo. Fundi analipwa, mnaagana vizuri, na kilio kinaanzia nyumbani.

Hoja yangu ni fupi. Diski inapokataa kugawanywa, karibu kila mara ina sababu, na sababu hiyo inasomeka. Kuifuta kabla ya kuisoma ni uvivu tuliouvika ovaroli tukauita ufundi. Uvivu wenyewe si wa fundi peke yake. Kuna watengenezaji wa kompyuta, kuna wahubiri wa Linux, na kuna sisi tunaoitikia sawa.

Zamani jambo hili lilikuwa dogo. Limekuwa kubwa kwa sababu ya tarehe moja: 14 Oktoba 2025. Siku hiyo Microsoft ilifunga msaada wake wa kawaida kwa Windows 10. Windows 11 nayo ina masharti yake mlangoni: chipu ya usalama iitwayo TPM toleo la 2.0, na prosesa ambayo kwa upande wa Intel huanzia kizazi cha nane, zile zilizoanza kutoka mwaka wa 2017. Sasa hesabu mwenyewe. Laptopu ya ex-UK uliyonunua kwa jasho lako ni ya mwaka gani? Kompyuta za saiba ya stendi je? Na zile za maabara ya shule ya kijijini, zilizoletwa na mfadhili zikapigwa picha na mkuu wa shule? Nyingi ni za 2010, 2012, 2014. Zina afya, zinaandika, zinachapisha, zinahesabu. Hazijaharibika. Zimeambiwa tu ati muda wao umekwisha.

Kipya kinyemi ingawa kidonda. Wauzaji wanaujua udhaifu wetu huo, na jibu lao ni ununue nyingine. Nchi hii iliahidiwa laptopu za watoto wa darasa la kwanza kwenye kampeni za 2013. Kilichofika shuleni kuanzia 2016 kilikuwa tableti. Hatuna anasa ya kutupa mashine nzima kwa sababu mtu aliye mbali amebadilisha masharti. Ikitupwa, tunajua inakoenda. Kuna vijana Dandora ambao watachoma nyaya zake wapate shaba, na moshi wake wataupumua wao.

Kwa hiyo mimi niko upande wa Linux, na nalisema hilo mapema ili nisieleweke vibaya. Tatizo langu ni namna tunavyoihubiri. Wahubiri wake wanakuambia ni dakika kumi na tano, ni kubofya endelea, endelea, maliza, kazi kwisha. Kisha ukurasa wa kwanza wenye uzito wowote, ule wa diski, unakuwekea chaguo la rahisi juu kabisa: futa diski nzima kisha usakinishe. Chini yake kuna lingine, la kugawanya kwa mkono, ambalo limeachiwa wajuao. Mojawapo ya mifumo maarufu ya Linux inaitwa Ubuntu, neno la Kinguni lililo ndugu wa damu wa neno letu utu. Utu gani huu unaoanza kwa kumwambia mgeni afute kila alicho nacho? Naam, onyo lipo, nakubali. Lakini onyo la Kiingereza kwa mtu aliyefika hapo kwa kuambiwa kwamba hakuna gumu, hilo ni onyo la kumkinga aliyeliandika.

Hebu tuongee kuhusu diski yenyewe, kwa lugha tunayoijua.

Diski ni shamba. Patisheni ni ploti zilizokatwa humo. Na mwanzoni kabisa mwa shamba kuna karatasi ya ramani inayosema ploti ya kwanza inaanzia hapa inaishia pale, ya pili inafuata. Karatasi hiyo ndiyo jedwali la patisheni. Ni ndogo ajabu. Katika mtindo wa zamani uitwao MBR, ambao ulikuja na DOS mwaka wa 1983, sekta ya kwanza ya diski ina baiti 512, na ramani nzima imekaa ndani ya baiti 64 tu za sekta hiyo. Maisha yako yote, picha na barua na hesabu, yanategemea karatasi ya ukubwa huo. Mkenya hahitaji kuelezwa kinachofuata faili ya ploti ikipotea ofisi ya ardhi. Nyumba bado imesimama, mahindi bado yako shambani, lakini wewe si mwenye chochote.

Anayesema tufomati tu anasema tuchome faili, tupime shamba upya, tuanze. Na hajauliza nani anaishi humo.

Tuchukue sababu moja moja za diski kukataa, uone kama kuna hata moja inayostahili moto.

Ya kwanza ni ya ploti nne. Zile baiti 64 zina nafasi ya ploti nne tu, baiti 16 kila moja. Laptopu nyingi za enzi ya Windows 7 zilitoka kiwandani nafasi zote nne zikiwa zimejazwa: moja ya kuwashia, moja ya Windows yenyewe, moja ya kurejesha mfumo, na moja ya vifaa vya mtengenezaji. Ukipunguza ile ya Windows ili upate nafasi ya Linux, nafasi unaipata kweli, gigabaiti mia ziko pale wazi, lakini kisakinishi kinakuambia hazitumiki. Fundi anaona mashine imerukwa na akili. Kumbe ramani imejaa! Ni kama shamba lenye ekari tupu ambazo karani hana mstari wa kuziandika. Dawa yake ni kunakili ile ploti ndogo ya vifaa vya mtengenezaji kwenye flashi, kuiondoa, na kuitumia nafasi yake kutengeneza ploti mama, ile inayoruhusiwa kubeba ploti nyingine ndani yake. Linux haina shida kuishi humo. Hakuna faili yako hata moja iliyohitaji kuguswa. Ila jihadhari na mtego mmoja: ukijaribu kukata ploti ya tano ukiwa ndani ya Windows, itajitolea kukugeuzia diski iwe ya aina inayoitwa dainamiki. Ukikubali, ramani inaandikwa kwa mtindo ambao visakinishi vya Linux kwa kawaida havitaki kuugusa, na hapo umejifungia mlango mwenyewe.

Na ni nani aliyejaza ploti nne? Si wewe. Mtengenezaji alikuuzia shamba akiwa ameshaweka vibanda vyake kila kona. Halafu anayeadhibiwa kwa kufutiwa ni mnunuzi.

Ya pili ni ya Windows iliyolala. Tangu Windows 8, mwaka wa 2012, ukibonyeza kuzima, mashine mara nyingi haizimi kabisa. Inalala nusu, ikiacha sehemu ya kumbukumbu yake imeandikwa kwenye diski ili iamke haraka kesho. Kisakinishi cha Linux kikija na kuomba kupunguza ploti hiyo, kinakataa, na kinakataa kwa haki: huwezi kubomoa ukuta wa chumba ambacho mtu amelala ndani. Dawa yake ni dakika mbili. Rudi ndani ya Windows, fungua dirisha la amri kwa mamlaka ya msimamizi, andika powercfg /h off, kisha uzime kabisa. Ukiwa hapo endesha chkdsk /f, maana wakati mwingine ploti imekataa kwa sababu umeme ulikatika na kazi haijamalizika. Ukirudi kwenye Linux, kile kilichogoma jana kinakubali. Mangapi yamefutwa nchini humu kwa kukosa amri hii moja ya herufi chache?

Ya tatu ni ya mizimu. Diski za mtumba zina historia. Ilikuwa ofisini, imefungwa pamoja na mwenzake kwa mpangilio wa RAID, wakatenganishwa, wakauzwa. Lakini alama ya ndoa ile bado imeandikwa karibu na mwisho wa diski. Kisakinishi kinaiona, kinadhani hii ni nusu ya kitu kikubwa zaidi, kinakataa kuigusa ama hata kuionyesha. Ama diski iliwahi kuwa na ramani ya mtindo mpya uitwao GPT, mtu akaandika MBR juu yake bila kujua kwamba GPT huweka nakala ya pili mwishoni mwa diski. Sasa shamba moja lina hati mbili. Sisi hati mbili tunazijua, si ndiyo? Amri ya wipefs, ukiiandika pamoja na jina la diski tu bila kuongeza chochote, inakuorodheshea alama zote zilizopo na haifuti kitu. Ukishazisoma, unaondoa ile ya uongo peke yake. Hapa ndipo kufomati kunajiumbua kabisa: ukifomati ploti moja, mzimu ulio mwishoni mwa diski bado uko palepale. Umepoteza data na tatizo umebaki nalo.

Ya nne ni ya milango miwili. Kompyuta za kati ya 2011 na 2015 hivi nyingi zinaweza kuwaka kwa njia mbili, ile ya kale ya BIOS na ile mpya ya UEFI, na flashi ileile inaweza kuingia kwa mlango wowote. Ukiingia kwa mlango wa BIOS katika diski yenye ramani ya GPT, kipakizi cha Linux, yaani GRUB, kinahitaji kijiploti cha mebibaiti 1 pa kujificha, kisicho na mfumo wowote wa faili. Ukiingia kwa UEFI, kinahitaji ploti ndogo ya FAT32 iliyotengwa kwa kazi hiyo. Usipoweka, usakinishaji unakwenda vizuri mpaka mwisho, kisha unaanguka mlangoni. Kujua umeingia wapi ni rahisi: ukiwa kwenye Linux ya flashi, angalia kama kuna folda /sys/firmware/efi. Ikiwepo, uko UEFI. Isipokuwepo, uko BIOS. Basi.

Ya tano ni ndogo hadi inatia aibu. Linux ya flashi ikiwaka, inaweza kukuta kwenye diski ploti ya zamani ya kubadilishana kumbukumbu, ikaianza kuitumia kimyakimya. Ukitaka kuibadilisha, unaambiwa kifaa kina shughuli. Ni sawa na kumwomba mtu ainuke ukiwa umemkalia. Amri ya swapoff -a inamaliza kesi.

Ya sita ni ya ugonjwa wa kweli, na hii ndiyo inayonikasirisha kuliko zote. Wakati mwingine diski inakataa kwa sababu inakufa. Kwenye skrini utaona neno la makosa ya kuingiza na kutoa, input/output error, na ukiandika dmesg utayaona yamejipanga mistari kwa mistari. Amri ya smartctl -a inakusomea cheti cha afya cha diski: sekta ngapi zimehamishwa, ngapi zinasubiri kuhamishwa. Namba hizo zikiwa zinapanda, diski hiyo inakata roho, na kila dakika unayoilazimisha kufanya kazi unaipunguzia pumzi. Kuifomati wakati huo ni kumpiga kofi mgonjwa wa moyo. Kazi ya kwanza ni kuinakili kwa ddrescue kwenda diski nyingine, huku ikipumua bado. Mambo mengine yatafuata.

Lakini cheti hichohicho kina mstari mwingine, UDMA CRC. Ukiona huo ndio unaopanda na mingine imetulia, mara nyingi diski ni nzima. Mgonjwa ni waya wake, ama umelegea. Waya wa SATA ni kitu cha bei ya chakula cha mchana. Na kama ni kompyuta ya miaka kumi na zaidi, angalia betri ndogo ya duara kwenye ubao, ile CR2032 inayofanana na sarafu. Ikifa, saa inarudi nyuma na mipangilio ya BIOS inajirudisha ya kiwandani, ikiwemo ile inayosema diski isomwe kwa njia gani. Ndiyo maana diski inaonekana leo, kesho haionekani. Angalia pia flashi yenyewe. Zimejaa mjini flashi zilizoandikwa gigabaiti 64 na ndani hazifiki hata robo. Zikijaa zinaandika hewani. Kuna programu ya bure iitwayo f3 ya kuzipima. Utashangaa ni mara ngapi diski inahukumiwa kwa kosa la flashi.

Hizo ni sita. Niambie, ni ipi kati yake ambayo jibu lake la kwanza lilikuwa kufuta?

Sasa wacha nimsikilize fundi, maana ana lake la kusema na si la kipuuzi. Atasema: "Wewe unaandika magazeti. Mimi nina mashine saba mezani, kodi ya kibanda ni ya kila mwezi, na mteja anataka laptopu yake kabla ya saa kumi. Nikikaa kusoma dmesg nani atanilipa?" Ni swali la haki. Ufundi wetu wa jua kali umejengwa juu ya kazi ya kukamilisha, si kazi ya kuchunguza, kwa sababu mteja hulipia anachokiona kikiwaka. Anayechunguza saa mbili na kubadilisha waya mmoja anaonekana mwizi. Anayefuta kila kitu kwa nusu saa anaonekana hodari. Sisi wateja ndio tuliopanga bei hiyo ya kichwa chini miguu juu, na tukitaka ibadilike tuanze kulipia uchunguzi, hata kama jibu lake ni waya.

Ila fundi naye asijifiche nyuma ya saa kumi. Kuna jambo moja lisilochukua hata sekunde tano. Kabla hujagusa diski, chomeka flashi ya pili, uandike sfdisk -d /dev/sda na uyaelekeze yale yanayotoka kwenye faili ndani ya flashi hiyo. Hakikisha tu kwamba sda ndiyo diski ya mteja na si flashi yako. Umepata nakala ya ramani nzima, maandishi mepesi kuliko ujumbe wa WhatsApp. Haihifadhi mafaili, tusidanganyane. Lakini mkono ukiteleza ukafuta ploti isiyostahili na hujaandika kitu juu yake, ramani hiyo inairudisha ilipokuwa. Hata ukiwa hukuinakili, kuna TestDisk, programu huru ya Christophe Grenier, inayotembea shambani kutafuta mabikoni ya zamani na kuichora ramani upya. Fundi asiyejua hizi mbili hajamaliza mafunzo, hata awe na kibanda cha vioo.

Na hapa tufikie jambo ambalo watu wengi hawalijui, na ambalo linaufanya usemi huu wa tufomati tu kuwa mbaya maradufu. Kwenye diski za kuzunguka za zamani, kufomati kwa haraka hakufuti data yako. Kunachoma ramani. Picha za mama bado ziko mle, sekta kwa sekta, mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Kwa hiyo mwenye mali, asiyejua, anaambiwa zimekwenda na analia. Lakini mjanja atakayenunua diski hiyo mtumba miezi sita baadaye, akiwa na programu ya bure na jioni moja, atafungua kitambulisho chako, taarifa zako za benki na barua zako. Umenyimwa wewe, amepewa mwizi. Tuna Sheria ya Kulinda Data tangu 2019, na tunaisoma kana kwamba inahusu makampuni makubwa peke yake. Kwenye SSD mambo hugeuka: zana za kufomati za Linux kwa kawaida huiambia diski yenyewe itupe vilivyokuwepo, na hapo TestDisk mara nyingi haina cha kukuokotea. Basi neno hilohilo moja, kufomati, lina maana mbili zinazopingana kutegemea na kifaa kilicho mkononi. Anayelitamka bila kuuliza ni diski ya aina gani hajui anachokisema.

Nimesema wateja tunaitikia sawa. Kwa nini tunaitikia? Nadhani ni kwa sababu hatuna maneno ya kukataa nayo. Ukiambiwa na fundi wa nyumba kwamba ukuta huu lazima ubomolewe, utauliza maswali kumi, kwa kuwa maneno ukuta, msingi na nguzo ni yako tangu utotoni. Diski ikija kwa Kiingereza, unanyamaza. Kiswahili hakikukosa uwezo. Mwaka wa 2004 watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wao wa KiLinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili. Tukapiga makofi, tukaendelea na Kiingereza chetu. Tangu hapo tumebishana miaka na miaka kama partition ni kizigeu ama patisheni, na mwenye laptopu anaendelea kufutiwa. Iite unavyotaka. Mimi nimeiita ploti muda wote huu na umenielewa. Lugha ya ardhi tunayo, yenye mipaka, mabikoni, hati na hila zake zote. Mwanafunzi anayejua kwamba shamba haliuzwi bila kutazamwa kwanza linakaliwa na nani ameshajua nusu ya somo la diski. Kinachobaki ni mwalimu kumwambia hivyo.

Nitakubali pia kwamba kuna mashine za kuagwa. Kama prosesa ni ya biti 32 tu, mlango unafungwa: Ubuntu iliacha kutoa diski za usakinishaji za aina hiyo kwa kompyuta za mezani tangu toleo la 17.10, mwaka wa 2017, na Debian, iliyokuwa kimbilio la wazee, haikutoa kisakinishi chake katika toleo la 13 la mwaka wa 2025. Zimebaki njia za pembeni, zenye watu wachache wa kuzitunza. Na mashine yenye gigabaiti moja ya RAM itawaka Linux vizuri, kisha itazama siku utakapofungua kurasa tatu za intaneti, maana uzito siku hizi uko kwenye kurasa. Anayekuambia Linux inafufua kila kitu anakuuzia dawa ya kienyeji ya magonjwa arobaini. Lakini uamuzi wa kuiaga mashine utolewe baada ya kupimwa. Na hata ikiagwa, mali iliyomo ndani itolewe kwanza, jinsi tunavyotoa vyombo kabla nyumba haijabomolewa.

Kwa hiyo nina ombi, na si kubwa. Wenye shule mnaopokea kompyuta za msaada: msikubali kukabidhiwa mashine na mtu asiyeweza kuwaonyesha cheti cha afya cha kila diski. Waalimu wa kompyuta: kabla ya kumfundisha mtoto kupaka rangi herufi, mwonyesheni ramani ya diski, ploti nne, hati mbili, Windows iliyolala. Atacheka na hatasahau. Wahubiri wa Linux: acheni kuhesabu dakika kumi na tano. Semeni ukweli, kwamba ukurasa mmoja ni mgumu, na mketi na mgeni kwenye ukurasa huo.

Na wewe uliye na laptopu kwenye begi, ukienda kibandani kesho. Akikuambia tufomati tu, usimgombanie. Muulize, "Boss, hiyo skrini imesema nini?" Asipoweza kukujibu, funga laptopu yako, umlipe pesa ya muda wake, uende kwa anayesoma.